Nani Atakayewafunza Wanetu Mahadhi ya Pwani?

NI furaha kubwa kwa mzazi kusikia kwamba mwanawe ameitwa chuo kikuu. Majirani huja kutoa mkono wa hongera, dua husomwa, na kijana mwenyewe hupita mtaani kichwa juu. Lakini aghalabu furaha hiyo huingia doa pale barua inaposomwa sawasawa na kuonekana kwamba kijana ameitwa kwenda kusomea ualimu, na kwamba mojawapo ya masomo mawili atakayofundisha ni Muziki.

Mwandishi wa makala haya alipata kuwako katika baraza moja la Mji wa Kale, Mombasa, baada ya sala ya alasiri, wakati jambo kama hilo lilipozuka. Kijana alikuwa amekuja kumtaka shauri ami yake. Mzee alikiweka chini kikombe cha kahawa akamtazama kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "nimekusomesha Kur'ani ukahitimu, nikakulipia karo ya sekondari, ili leo uende Nairobi ukajifunze ngoma?"

"Si ngoma, ami," kijana akajibu kwa adabu. "Ni ualimu."

"Ualimu wa kufundisha nini hasa?"

Kijana akanyamaza. Hakuwa na jawabu la kumtosha mzee, na kusema kweli hata sisi tuliokuwa barazani hatukuwa nalo. Ndiyo sababu yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, bila ya hamaki na bila ya kejeli.

ANACHOKWENDA KUSOMA

Wengi wetu hudhani kwamba anayesomea muziki chuo kikuu hufundishwa kuimba na kucheza, kisha akapewa shahada. Sivyo. Shahada ya ualimu nchini Kenya huchukua miaka minne. Mwanafunzi husoma masomo mawili ya kufundishia, na pamoja nayo husoma elimu yenyewe: saikolojia ya mtoto, falsafa ya elimu, jinsi ya kupanga somo na jinsi ya kutunga mtihani. Halafu hupelekwa shuleni kwa muhula mmoja kufanya mazoezi ya kufundisha, huku wakufunzi wake wakija kumkagua akiwa mbele ya darasa.

Chuo kilichotangulia sana katika kazi hii ni Kenyatta. Kilianza mwaka 1965 katika majengo yaliyokuwa kambi ya jeshi la Waingereza, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, na kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1985. Maseno nako, upande wa magharibi, muziki hufundishwa.

Katika somo la Muziki lenyewe, jambo la kwanza ni sikio. Mwanafunzi huchezewa sauti mbili kwenye piano, naye atakiwa kueleza umbali ulioko baina yake. Huchezewa mahadhi mafupi, naye huyaandika kwa noti kama vile karani aandikavyo maneno anayotamkiwa. Jambo la pili ni kusoma: hupewa karatasi ya noti asiyopata kuiona, akaimba papo hapo. La tatu ni ala, kwani kila mmoja hana budi kuchagua ala na kuistadi. La nne ni kupanga sauti nne zikaimbwa pamoja zisigombane. La tano ni historia, ya muziki wa Ulaya na wa Afrika: nyatiti ya Waluo yenye nyuzi nane, kayamba la Wamijikenda, na jinsi jamii zinavyotumia muziki katika harusi, tohara, kazi na msiba.

Hii ni elimu yenye hesabu na nidhamu. Asiyefanya mazoezi kila siku hujulikana, kwani vidole na sikio havisemi uongo.

Anayetaka kuandikishwa kuwa mwalimu wa sekondari hutakiwa awe na wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, na C+ katika yale masomo mawili atakayofundisha. Hapa ndipo vijana wengi wa Pwani wanapokwama. Shule nyingi za sekondari hazifundishi Muziki kabisa, kwa hiyo hata mwenye kipaji hana alama ya kuonyesha. Asiyefundishwa hawezi kwenda kusomea kufundisha, na asipokwenda hatapatikana wa kuwafundisha wadogo zake. Mviringo huo ni lazima ukatwe mahali fulani.

PENYE MZIZI WA FITINA

Ami yule, hata hivyo, hakuwa na shaka juu ya hesabu wala alama. Shaka yake ilikuwa ya dini, na ni haki yake. Si kazi ya ukurasa huu kutoa fatwa; wenye elimu hiyo wapo, na waulizwe. Linaloweza kusemwa ni kwamba wanazuoni wa Kiislamu wamelijadili jambo hili tangu zamani, na hawakulifanya kuwa neno moja tu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika mlango mzima juu yake katika kitabu chake cha Ihya. Alipambanua kinachofaa na kisichofaa kwa kutazama maneno yanayoimbwa, ala inayotumiwa na hali ya anayesikiliza. Kabla yake, al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya muziki kinachosomwa na wataalamu mpaka leo.

Wala hatuna haja ya kwenda Baghdad. Hapa kwetu Lamu, Habib Swaleh alipoyaweka maulidi ya matari zaidi ya miaka 100 iliyopita, wako wanazuoni wenzake ambao hawakuridhika. Leo watu hutoka kila pembe ya mwambao kwenda kuhudhuria maulidi ya Riyadha. Tofauti za rai hazikwisha, lakini heshima ilibaki.

Haifai pia kumficha mzazi upande wa pili. Mafunzo ya kupanga sauti nne yana asili yake katika nyimbo za kanisani za Ulaya, na mwanafunzi Mwislamu atakutana nazo darasani. Kujua jinsi wimbo ulivyojengwa si sawa na kuuamini, kama vile kusoma historia ya Warumi hakumfanyi mtu kuwa Mrumi. Lakini ni heri kijana alijue hili kabla ya kuondoka nyumbani, ili aweze kusema na wakufunzi wake kwa adabu panapokuwa na jambo lisilomwelekea.

WIMBO ULIOTOKA TANA

Sasa natuulize: elimu hii yatusaidia nini?

Kila wiki, bendera inapopandishwa, watoto wa shule kote nchini husimama wima wakaimba Wimbo wa Taifa. Wangapi wetu hukumbuka kwamba mahadhi yake yalitoka huku huku Pwani? Yalikuwa mahadhi ya Wapokomo wa Mto Tana, ya kumbembelezea mtoto. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa yakaribia uhuru, jopo la watu watano lilipewa kazi ya kuutayarisha wimbo huo. Walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi, na Kasisi Thomas Kalume wa huku Pwani.

Mama wa Kipokomo aliyemlaza mwanawe kwa mahadhi yale hakuhitaji noti. Lakini ili yatoke ukingoni mwa mto yakapigwe na bendi ya askari na kuimbwa na maelfu ya watu, ilibidi pawe na watu wenye sikio la kuyasikia, mkono wa kuyaandika na elimu ya kuyapangia sauti. Hiyo ndiyo kazi anayokwenda kujifunza yule kijana. Na baadhi ya watu hao watano walikuja kuwa walimu wa walimu: Omondi na Senoga-Zake walifundisha Kenyatta, na kitabu cha Senoga-Zake juu ya muziki wa jadi wa Kenya kilitolewa mwaka 1986.

Mwaka 1982 Serikali iliunda tume ya kuchunguza hali ya muziki nchini, chini ya uenyekiti wa Omondi huyo huyo, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1984. Miongoni mwa mambo yaliyohimizwa ni kuuhifadhi muziki wa makabila yetu na kuufundisha. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ukapata nafasi katika shule za msingi. Baadaye ukaondolewa katika mtihani wa taifa, na jambo lisilotahiniwa huwa halifundishwi. Sasa upepo umegeuka tena. Chini ya mtaala mpya wa umilisi, Sanaa na Michezo ni mojawapo ya njia tatu za kuchagua katika sekondari ya juu, na wanafunzi wa kwanza waliingia huko mwaka 2026. Walimu watatakiwa. Je, watatoka wapi?

PIANO HAINA SAUTI HIZO

Tutazame mfano mmoja tu. Piano hugawa sauti katika hatua 12, kutoka sauti moja mpaka ile ile ya juu yake. Mahadhi ya Kiarabu, ambayo taarabu yetu ilikunywa kisimani mwake, yana sauti zinazoangukia katikati ya hatua hizo, na wataalamu huzihesabu kuwa robo 24. Udi huweza kuzitoa kwa sababu shingo yake haina vigawanyo. Kidole huenda popote. Ganuni nayo ina vijikono vya kupandisha na kushusha kila waya. Piano haiwezi.

Mwalimu ambaye hakulelewa na sauti hizo, akimsikia mtoto wa Lamu au wa Kisauni akiziimba, huenda akadhani mtoto anakosea, akamsahihisha. Na mtoto atakubali, kwani mwalimu ndiye mwalimu. Hivyo ndivyo mahadhi yanavyokufa: hakuna aliyeyapiga marufuku, bali yamesahihishwa siku moja baada ya nyingine darasani.

Kijana aliyesoma madrasa tayari ana sikio hilo. Amewasikia wasomaji wakisoma kwa Bayati, kwa Rasti, kwa Hijazi. Kisomo si muziki, wala hapa hapana anayesema hivyo. Lakini sikio ni lile lile alilopewa na Mola wake. Kijana huyo akisomea Kiswahili pamoja na Muziki, ataweza kulieleza darasa kwa nini utenzi hupimwa kwa mizani nane, kisha akaonyesha jinsi mizani hiyo inavyokaa ndani ya mahadhi. Ataweza kuandika nyimbo za vugo kabla ya wanawake wanaozijua hawajatutoka, na kueleza tofauti ya zumari na siwa kwa mtoto ambaye ameiona siwa ndani ya sanduku la kioo tu.

Unguja wenzetu walikwisha kuamka. Chuo cha muziki wa nchi za jahazi kilichoanzishwa huko mwanzoni mwa miaka ya 2000 hufundisha udi, ganuni, fidla na ngoma za asili kwa mpango wa darasani. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hakupata darasa kama hilo. Wajukuu zake wanalo.

SHAURI LA MZEE

Turudi barazani. Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza neno moja.

"Na wewe usipokwenda, somo hilo litaondolewa shuleni?"

"La, ami. Atapewa mwingine."

"Atafundisha yepi?"

"Atafundisha anayoyajua."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi lete hiyo barua niione. Lakini sala zako usiziache, na kila likizo uje hapa nikusikie ukisoma."

Hakusema kwamba ameridhika, wala hakumpa mkono wa hongera. Lakini hakumzuia, na kwa baraza lile hilo lilikuwa neno kubwa.

Wazazi wenzangu, anayemkataza mwanawe kusomea ualimu huu haundoi muziki shuleni. Muziki utafundishwa, awepo mtoto wetu au asiwepo. Linaloondoka ni sauti ya Pwani tu. Kwa hiyo kabla ya kuichana barua, muulize kijana atasoma nini, muulize sheikh unayemwamini, kisha uamue. Na kijana akipewa idhini, akumbuke kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Shahada atakayoirudisha itakuwa na thamani siku atakapoifungua mbele ya watoto wa huku kwao.