Granada: Unalipia Bia, Dishi Inakuja Sare

Wasee wengi wakisikia tapas wanadhani ni aina fulani ya chakula. Zii. Tapa ni sahani ndogo ya chochote: samaki, viazi, mayai, hata kipande cha mkate na nyama juu. Neno lenyewe maanake ni kifuniko. Ukiwa Barcelona, kwa kawaida utalipia kila sahani na bili itakutoa jasho. Lakini shuka kusini hadi Granada, kule Andalusia, mambo yanageuka. Agiza kinywaji na sahani inafuata yenyewe. Hiyo ndiyo huokoa wanafunzi wa chuo pale mwezi ukiwa kona.

Ni sare lakini si sare kabisa, maana bei ya dishi imejificha kwa glasi. Bado ni afueni kubwa kwa mfuko.

Usitoke mapema. Saa kumi na mbili jioni majiko mengi bado hayajawashwa. Mbogi huanza kumiminika kuanzia saa mbili na nusu usiku.

Anzia Calle Navas, barabara nyembamba kando ya jumba la jiji. Hapo kuna Los Diamantes, na sifa yake ni samaki wa kukaanga. Unakula umesimama, umebanwa kila upande, na ukitaka kuhudumiwa lazima upaze sauti. Sema "una caña". Hiyo ni glasi ndogo ya bia ya pipa, kama mililita 200 hivi. Usiicheke. Mwenye caña kwa kawaida hupata tapa ileile ya mwenye glasi kubwa, so anaweza kupitia baa nne na bado miguu inamtii. Hunywi pombe? Itisha mosto, juisi ya zabibu.

Kwa baa nyingi huchagui. Jikoni ndio huamua, na raundi ya pili huja kitu tofauti. Kama huli nguruwe, sema mapema "sin cerdo", juu jamón na mutura yao ya damu hutokea hata mahali hukutarajia.

Mtego uko kwa menyu. Zile sahani zimeandikwa "ración" ni kubwa na unazilipia bei kamili. Mtalii huketi nje, anafungua menyu, anaagiza tatu kabla hata kinywaji kifike. Huyo amejimaliza.

Kutoka Navas ni mwendo mfupi tu hadi Plaza Nueva. Karibu na hapo kuna Bodegas Castañeda, mapipa ukutani na mapaja ya nguruwe yakining'inia juu. Kinywaji chao ni calicasas, mvinyo uliochanganywa na vitu vikali. Kinateremka kama juisi, halafu kinakutafuta baadaye. Moja tosha.

Ukichoka na bia, panda Calderería Nueva ukanywe chai ya mnanaa kwa mikahawa ya mtindo wa Morocco. Inaingiana na mji wenyewe: Granada ilikuwa chini ya watawala Waislamu hadi 1492.