Rekodi Tano za Vitu Tunavyovidharau

Huku kwetu mtu akishika fedha, ukuta wa udongo ndio wa kwanza kubomolewa ili saruji iingie. Simlaumu, nyumba ya udongo imeitwa ya kimaskini kwa miaka mingi. Lakini utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na rekodi hizi tano zinadai tuvitazame upya vitu tunavyoviona duni.

Jengo refu zaidi la mbao
Ascent, mjini Milwaukee, Marekani, lilikamilika 2022 likiwa na ghorofa 25 na urefu wa mita 86.6. Lililipiku Mjøstårnet la Norwei kwa mita moja na ushei. Ghorofa za chini ni za zege. 19 za juu zina kiunzi cha mbao zilizogandishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka. Moto ukiwaka, nguzo nene kama hizo hujifanyia ganda la mkaa linalochelewesha joto kufika ndani.

Jengo kubwa zaidi la udongo
Msikiti Mkuu wa Djenné, Mali, ulijengwa upya 1907 kwa matofali yaliyokaushwa juani. Mvua huumega kila mwaka, na kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika: vijana hubeba udongo, wanawake huteka maji, waashi hukwea miti iliyochomoza ukutani, ambayo ni pambo na jukwaa kwa pamoja. Hii ndiyo rekodi inayonigusa kuliko zote. Uimara wa msikiti huu ni amana waliyoachiwa watu wa mji.

Kuba kubwa zaidi la zege lisilo na nondo
Pantheon ya Roma ina karibu miaka 1,900, na kuba lake lina upana wa mita 43.3. Wajenzi walitumia mawe mazito chini na mepesi ya volkano juu. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha MIT walieleza siri nyingine ya zege la Kirumi: vibonge vya chokaa. Ufa ukitokea na maji yakapenya, chokaa huyeyuka, huganda tena na kuuziba. Chokaa ndiyo pia iliyoshika matumbawe ya kuta za kale za Kilwa na Lamu.

Rangi nyeupe zaidi
Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilitangaza rangi inayorudisha asilimia 98.1 ya mwanga wa jua. Imetengenezwa kwa salfeti ya bariamu, unga wa kawaida unaotumika pia katika vipodozi. Kitu kilichopakwa rangi hiyo huwa baridi kuliko hewa inayokizunguka, hata wakati wa jua la utosi.

Jahazi la kwanza la plastiki iliyorejelezwa
Flipflopi liliundwa Lamu na mafundi walioongozwa na Ali Skanda, likavalishwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, kilomita zipatazo 500. Taka za ufukweni ziligeuka mbao mikononi mwa watu waliorithi ufundi wa kuunda vyombo.

Basi kabla ya kubomoa ukuta wa babu, mwite fundi aukague. Huenda unachohitaji ni msingi wa mawe, paa lenye upenu mpana, na mikono ya kuukandika.