Kinachowakwamisha abiria ndegeni

DHORUBA ya barafu ilipokumba New York mnamo Februari 14, 2007, ndege kadhaa za kampuni ya JetBlue zilishindwa kupaa kutoka uwanja wa John F. Kennedy. Zilishindwa pia kurudi, maana nafasi za kuegesha kando ya jengo la abiria zilikuwa zimejaa. Baadhi ya abiria walikaa humo kwa zaidi ya saa nane, vyoo vikinuka.

Si barafu pekee iliyowaponza. Rubani anayerejesha ndege hupoteza zamu yake kwenye foleni, hivyo huona heri angoje kidogo. Kidogo hicho huzaa saa.

Tangu Aprili 2010, kanuni za Marekani huzitaka kampuni ziwape abiria wa safari za ndani fursa ya kushuka kabla ya saa tatu kupita, na maji na chakula kabla ya saa mbili, isipokuwa usalama ukizuia. Safari za kimataifa ziliwekewa saa nne mwaka 2011. Faini ilianzia hadi dola 27,500 kwa kila abiria.

Kampuni zilionya kuwa zingefuta safari badala ya kujihatarisha. Mwaka huo wa 2011, wakaguzi wa Bunge la Marekani walibaini kuwa uwezekano wa safari kufutwa ulikuwa umeongezeka.