Elevatere ni nzito kuliko mzigo wake

Wenzetu wa koperative, elevatere ya kuinua tani 2,5 yenyewe inapima karibu tani 4. Hapo ndipo tunakosea: tunakodi kamio ya tani 3 kuitoa Lubumbashi mpaka depo yetu ya mahindi Likasi, kilometa 120 hivi, katikati ya kamio za madini.

Uzito wake mwingi uko nyuma. Basi ipande kwenye kamio kinyumenyume, meno yakiangalia chini, na mtu asisimame huko chini. Juu, meno yalale kwenye sakafu, freni ya mkono ivutwe, magurudumu yawekewe vigingi. Minyororo minne, mmoja kila kona, ishike mwili wa mashine. Kamba ya kufungia magunia, hapana! Kiisha kilometa chache, shofere asimame aikaze tena, njia inalegeza.