Mafuta Mengi Huua Kinga Kuliko Tope

Jumamosi moja ya Agosti, kijana alinifikia kutoka upande wa barabara ya Kambove akisukuma VTT yake, yaani baiskeli ya milimani, kwa mkono. Ilikuwa inameremeta. Fremu imepigwa sabuni, ringi zimesuguliwa mpaka unaweza kujitazamia, na cheni inachuruzika oili nyeusi. "Papa, kinga inanisumbua," akasema. "Nikikanyaga kwa nguvu kwenye mpando, cheni inaruka. Na mimi naiosha kila siku, naipaka mafuta kila siku."

"Mwanangu," nikamjibu, "shida ni hayo hayo mafuta."

Hakunielewa, na simlaumu. Hapa Likasi, kama kwingineko Katanga, baiskeli ni kinga (mtu wa Mombasa akitusikia hudhani tunaongea habari za chanjo), na tangu utotoni tumefundishwa kwamba kinga inayolia inataka mafuta. Ni kweli, ila ni nusu ya habari.

Itazame cheni kwa karibu. Aina tunayoitumia ilisajiliwa mwaka 1880 na Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na karakana Manchester, Uingereza, na tangu hapo haijabadilika sana. Kila kiungo kina pini, na kuizunguka pini kuna rola ndogo inayobingirika inapokutana na jino la gia. Msuguano unaokula chuma uko ndani, kati ya pini na kile kilichoivaa, mahali ambapo jicho halifiki. Huko ndiko mafuta yanakotakiwa. Yale yanayobaki nje, kwenye mabamba, kazi yake ni moja tu: kukamata vumbi.

Na vumbi letu si la mchezo. Wekundu wake ni kutu ya chuma kilichomo ardhini, na ndani yake mna chembe za kwatzi ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Kuanzia Mei mpaka Septemba mvua karibu hakuna, malori ya migodi yanapita mchana na usiku kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na kila lori linaacha wingu lake. Changanya vumbi hilo na oili, umejitengenezea dawa ya kusagia, mfano wa ile ambayo mafundi wa magari hutumia kusagia valvu. Ukikanyaga pedali, unasaga. Pini zinalika, matundu yanapanuka, na cheni inakuwa ndefu. Watu husema imevutika kama mpira. Haikuvutika hata kidogo, imelika.

Ndiyo maana sipendi vidanji, ile oili chafu inayomwagwa magari yanapobadilishiwa oili. Ni ya bure, najua, na nusu ya kinga za wabeba makaa zinaishi kwa hiyo. Lakini inakuja tayari na unga wa chuma kutoka kwenye injini, na ni nzito, kwa hiyo haiingii ndani vizuri, inaganda juu. Mawese ni mabaya zaidi. Likasi iko kwenye mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai unazijua: chupa ya mawese inaamka imeganda. Yaliyo kwenye cheni nayo yanaganda, na baada ya wiki kadhaa yanakuwa gundi. Oili mpya ya cherehani inafaa wakati wa kiangazi, mradi uipake mara kwa mara. Wakati wa mvua tumia oili safi ya injini, kidogo. Iliyotengenezwa kwa ajili ya cheni ya baiskeli, ukiipata Lubumbashi, inazishinda zote mbili.

Sasa kazi yenyewe. Mwanzoni tafuta petroli kidogo. Ninasema petroli kwa lugha ya Kongo, yaani mafuta ya taa. Msomaji wa Dar es Salaam asije akachukua ile ya kwenye magari, ambayo sisi tunaiita esanse. Esanse inawaka kwa cheche moja, usiiguse kwa kazi hii. Hata petroli yenyewe, ifanyie kazi nje, mbali na mbabula ya mama, lile jiko la makaa.

Kata chupa ya plastiki, mimina petroli ya kujaza kikombe cha chai. Lowesha kitambaa, shika nacho cheni kwa chini, halafu zungusha pedali kinyumenyume. Kitambaa kitakuwa cheusi. Geuza upande, endelea. Chovya mswaki wa zamani, usugue meno ya gia na vile vigurudumu viwili vya nyuma vinavyoongoza cheni, maana hapo ndipo uchafu unapojenga nyumba. Rudia mpaka kitambaa kianze kutoka na rangi ya kijivu badala ya nyeusi. Acha cheni ikauke kabisa, nusu saa juani inatosha.

Ndipo upake mafuta, tone moja kwa kila rola. Cheni ya VTT ina viungo kama 114, kwa hiyo ni matone 114, na ndiyo, nayahesabu. Tia alama kiungo cha kwanza kwa uzi ili ujue umemaliza mzunguko. Zungusha pedali taratibu kwa dakika moja au mbili mafuta yaingie, kisha chukua kitambaa kikavu uifute cheni kana kwamba unataka kuyaondoa yote. Hapa ndipo watu wengi wanaponikatalia, wanaona ninatupa mali. Ukimaliza, gusa cheni kwa kidole: kidole kitoke na unyevu kidogo tu. Yaliyoingia ndani yamekaa, na ya nje ungeyaacha ungekuwa unaliwekea vumbi chakula.

Kwa kuosha fremu, ndoo moja inatosha, na ni afadhali, maana bomba halitoki kila siku. Maji, sabuni kidogo ya vyombo, sponji. Anza juu kwenye usukani, teremka, malizia na magurudumu. Usielekeze kamwe maji ya mashine ya kuoshea magari kwenye habu, kwenye ekseli ya pedali wala kwenye shingo ya usukani. Humo mna gololi zinazokaa ndani ya grisi, na maji yenye nguvu yanapita mpira wa kuzuia, yanaiondoa grisi na kukaa humo. Baada ya miezi miwili kinga inakoroma na wewe unashangaa, kwa kuwa uliiosha vizuri.

Jambo jingine, na hili ni la kwetu hasa. Usipige vumbi kwa brashi kavu, wala usioshee kinga pale watoto wanapochezea. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini. Kobalti iliyopatikana humo ilikuwa nyingi mno, hata kwa watoto. Vumbi la barabara zetu si udongo mtupu. Kwanza lowesha, ndipo ufute, na maji machafu yamwage mbali na bustani ya lengalenga.

Wanaodhani haya ni mambo ya mafundi wenye wasiwasi, nawapeleka California. Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana wa kaunti ya Marin, karibu na mji wa Fairfax, walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu nzito, zile za breki ya kukanyaga kinyume. Breki ilikuwa inapata moto mpaka grisi ndani ya habu inaungua na kutoka moshi, na mtu akifika chini ilimbidi afungue habu aijaze grisi upya. Mashindano yakaitwa Repack, yaani kujaza tena. Ndiko ilikotokea hii VTT tunayoiona leo. Kwa maneno mengine, baiskeli ya milimani ilianza maisha yake mikononi mwa watu wenye grisi kwenye kucha.

Breki nazigusia kwa haraka. Kama ni za mpira kwenye ringi, toa raba uzitazame: utakuta vipande vya mchanga na aluminiamu vimezama humo, na hivyo ndivyo vinavyochora ringi. Ving'oe kwa sindano, pitisha msasa mwepesi. Kama ni za diski, oili isikaribie kabisa, hata ya kwenye vidole. Diski inafutwa kwa spiriti na kitambaa ambacho hakijawahi kugusa cheni. Springi za mbele kwenye VTT nyingi za mitumba zilishakufa huko Ulaya kabla hazijapanda meli, kwa hiyo futa tu nguzo zake zisikwaruzike na usijidanganye kwa kuzimiminia oili.

Kuhusu gololi, kamata breki ya mbele, sukuma kinga mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga shingoni, imelegea. Inua gurudumu, litikise kushoto na kulia. Likicheza, au likizunguka kwa mkwaruzo, lifunguliwe, lisafishwe, litiwe grisi mpya. Kazi hiyo uifanye Oktoba, kabla ya mvua, na tena Mei zikishakatika.

Nirudi kwa kijana wangu. Nilimwomba binti yangu rula ya shule. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya ishirini baada yake, cheni mpya ina milimita 254 kamili, ukipima ikiwa imekazwa. Ikifika 255 na nusu, nunua nyingine. Ikipita 256 na nusu, meno ya gia nayo yameshalika kuifuata, na cheni mpya ukiiweka juu yake itaruka vilevile. Ya kwake ilisoma 258. Alilipia cheni, akalipia na gia za nyuma, pesa ambayo ingemnunulia cheni tatu kama angepima mapema.

Rula iko kwenye mkoba wa mtoto wako. Iazime jioni hii, kabla mvua ya kwanza haijafika.