Mtoto akibadilika ghafla, usikimbilie kusema ni majini

Binti mpole, mwenye bidii darasani, anaanza kukosa usingizi. Anaongea maneno yasiyoeleweka, anaona vitu ambavyo wengine hawavioni, anasahau hata jina la mdogo wake. Siku chache baadaye anapatwa na degedege. Nyumbani kila mtu ana lake: huyu anasema ni majini, yule anasema karogwa, mwingine anasema anaogopa mitihani.

Upo uwezekano ambao wazazi wengi hawajausikia. Huenda ubongo wake umevimba kwa sababu unashambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe.

Kinga ya mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazowanasa vijidudu vya maradhi. Mara chache kingamwili hizo hukosea na kugeukia viungo vya mwili. Zikigeukia ubongo, mgonjwa huchanganyikiwa, hubadilika tabia, hupata degedege, na akicheleweshewa tiba anaweza kupoteza fahamu.

Mwaka 2007, Dk Josep Dalmau na wenzake nchini Marekani walieleza aina moja ya ugonjwa huu ambayo leo inajulikana sana. Huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, ingawa wavulana nao huupata. Baadhi ya wasichana hukutwa na uvimbe kwenye ovari, na kuuondoa ni sehemu ya tiba.

Tezi ya shingo inaingiaje?

Mbele ya shingo kuna tezi ya thairoidi, ile inayovimba mtu anapopata rovu. Mwaka 1912 daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, alieleza ugonjwa wa tezi hiyo ambao baadaye ulibainika kuwa unatokana na kinga ya mwili kuishambulia.

Mwaka 1966 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mwanamume wa miaka 48 mwenye ugonjwa huo wa Hashimoto, ambaye ubongo wake ulisumbuka mara kwa mara. Aliyewaongoza aliitwa Brain, jina ambalo kwa Kiingereza maana yake ni ubongo. Tangu hapo wamepatikana wagonjwa wengine wenye kingamwili za tezi waliochanganyikiwa na kupata degedege, kisha wakapata nafuu kwa dawa za steroidi.

Lakini hapa mzazi anapaswa kuwa makini. Haijathibitishwa kwamba kingamwili za tezi ndizo zinazoumiza ubongo. Watu wengi wazima wa afya, hasa wanawake, wanazo kwenye damu na hawaumwi chochote.

Katika utafiti wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani uliochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 144 walikuwa wameshukiwa kuwa na ugonjwa huu wa ubongo unaohusishwa na tezi. Baada ya uchunguzi wa kina, 39 tu ndio waliokutwa na ugonjwa wa ubongo unaotokana na kinga ya mwili. Wengine 105 walikuwa na matatizo tofauti, yakiwemo sonona, kifafa na matatizo ya usingizi.

Kwa hiyo majibu ya kingamwili za tezi ni dokezo, si hukumu. Ukiyapuuza, mtoto anaweza kukosa tiba inayomfaa. Ukiyategemea peke yake, anaweza kumezeshwa steroidi kwa miezi mingi huku ugonjwa wake halisi ukiendelea.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, mtoto aliyechanganyikiwa, aliyepata degedege au asiyeamka vizuri apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Katika mazingira yetu malaria kali na homa ya uti wa mgongo lazima viangaliwe mapema, maana vinaua haraka na vina tiba.

Pili, andika mabadiliko uliyoyaona na tarehe zake. Ukiweza, mrekodi kwa simu anapopata degedege au mikono na mdomo vinapochezacheza vyenyewe. Video hiyo mwonyeshe daktari, usiisambaze kwenye makundi ya WhatsApp.

Tatu, usikatae kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Wazazi wengi hukiogopa wakidhani kitampooza mtoto. Sindano huchomwa chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia, na daktari humkagua mtoto kwanza kuhakikisha ni salama. Maji hayo huonyesha kama kuna vijidudu, na ndiyo yanayoweza kupimwa kingamwili zinazoshambulia ubongo.

Nne, kama vipimo vya kawaida havionyeshi kitu na mtoto bado amebadilika, muulize daktari: "Je, inawezekana ni kinga ya mwili?" Mweleze pia kama kwenye familia kuna mwenye ugonjwa wa tezi. Omba rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu.

Tano, akianzishiwa steroidi, usizikatishe ghafla hata akionekana amepona. Hupunguzwa taratibu kwa maelekezo ya daktari.

Kupona kwaweza kuchukua miezi, na kumbukumbu hurudi polepole. Waeleze walimu wake, na wadogo zake pia, kwamba kaka au dada yao alikuwa mgonjwa. Hakuwa mkorofi, wala hakuwa kichaa.