Lwiro: mbegu isafiri, dume abaki bandani

Huku kwetu Kabare nguruwe njo benki ya familia. Shule zikifunguliwa, mmoja anauzwa sokoni na minervali ya watoto inalipwa. Shida inaanza jike akitaka dume. Wafugaji wengi hawana dume wao, basi wanaazima wa jirani. Dume anatembezwa banda kwa banda, na mwenyewe mara nyingi analipwa kitoto kimoja.

Lakini dume huyo anaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika, ile iliyoelezwa na wataalamu mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Haina dawa ya kuponya. Ikiingia, banda zima linaweza kwisha kwa siku chache, na minervali inakwenda nayo.

Je, tunaweza kupata watoto wa nguruwe bila kumtembeza dume? Swali hilo linastahili kuulizwa Lwiro, yapata kilomita 45 kutoka Bukavu, kwa sababu pale ndipo penye CRSN, kituo cha utafiti kilichorithi majumba ya IRSAC, taasisi iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947.

Njia ya juu kabisa ni kuunganisha yai na mbegu ndani ya maabara. Mayai yanatolewa katika ovari za majike waliochinjwa, yanakomazwa kwa saa 44 hivi katika joto la mwili, halafu yanachanganywa na mbegu. Watu wa Cambridge, Uingereza, walipata watoto wa nguruwe kwa mbegu na yai kukutana nje ya tumbo mwaka 1986. Mwaka 1989 Waitalia walifaulu kwa mayai yaliyokomazwa pia katika maabara.

Ila nguruwe si ng'ombe. Kwake mbegu nyingi zinaingia katika yai moja kwa pamoja, na kiinitete kinaharibika. Yai lake limejaa mafuta, kwa hiyo baridi inaliua upesi. Kisha kiinitete kinalelewa siku 5 au 6 katika joto lisilobadilika: umeme ukikatika usiku mmoja tu, kazi yote imekwisha. Na tena, virusi vya homa vinashikamana na ganda la yai hata likioshwa.

Kwa hiyo tusianze na paa kabla ya msingi. Msingi wenyewe ni kupandisha kwa mrija. Mbegu anayotoa dume mara moja, ikiongezwa maji yake maalum, inatosha majike kumi na zaidi. Haitaki kugandishwa: inakaa siku chache kwa nyuzi 17 hivi, ndani ya kisanduku kinachozuia joto. Mfugaji naye ajue siku yenyewe: jike akibanwa mgongoni na kusimama kimya, yuko tayari. Asiposhika mimba, atarudia baada ya siku 21 hivi. Akishika, atazaa baada ya miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu.

Tahadhari moja tu: virusi vya homa vinaweza kupita hata ndani ya mbegu. Dume wa kutoa mbegu lazima apimwe damu kwanza, na asichanganyike na wengine. Kupima ni kazi ya maabara. Hapo ndipo wafugaji wa Kabare wanaihitaji Lwiro leo, kabla ya mayai ya ndani ya chupa.